Hamu Ikiisha, Imani Haijaisha

Mahindi yakishavunwa na kukaushwa, Kitale huwa mji wa mikutano ya injili. Novemba hadi Januari, huku kwetu Kibomet vipaza sauti havinyamazi: kesha hapa, krusedi pale, wahubiri wa kutoka Bungoma, Eldoret na hata Uganda. Watu huokoka kwa machozi ya kweli. Nimewakumbatia wengi wao, na sitasema Mungu hakuwagusa.

Kisha huja Aprili. Mvua imeshika, mbolea haijatosha, karo inadaiwa, na gunia la mwisho limeuzwa kwa bei ya kutupa. Waliolia kwa furaha mwezi Desemba hawaonekani ibadani. Tukiulizana, jibu huwa lilelile: "Amepoa. Amerudi nyuma." Tukishasema hivyo, tunaenda zetu kama watu waliomaliza kazi.

Mimi nasema kazi ndiyo kwanza inaanza. Mara nyingi kilichomwisha ndugu huyo ni hamu, si imani. Hamu huliwa na deni, na msiba, na kukosa usingizi, na palizi ya kutwa katika shamba la kukodi. Tukimfundisha mtu kwamba joto analolisikia moyoni ndilo kipimo cha wokovu wake, tumempa kipimo kitakachomhukumu siku ya kwanza atakapoamka amechoka.

Kuna kijana wa bodaboda hapa kwetu aliyeokoka krusedini, akajiunga na kwaya, halafu akatoweka. Nilimfuata kwenye steji. Akaniambia, "Mama, nikiomba sisikii kitu. Nikija kanisani nitakuwa mnafiki." Nikamuuliza kama ameacha kumwamini Yesu. Alishtuka. "La, Mama, hilo siwezi." Nikamwambia, "Basi njoo hivyo hivyo, mwanangu. Ukishindwa kuimba, sisi tutaimba nawe ukiwa umeketi."

Tulipoendelea kuzungumza, mengine yakajitokeza. Pikipiki ni ya mkopo, na kila jioni lazima apeleke pesa. Jumapili moja majina ya waliotoa mchango wa ujenzi yalisomwa mbele ya watu wote, na lake halikuwamo. Hakukosana na Mungu. Aliona aibu, aibu ikamfungia nyumbani, na kadiri alivyokaa peke yake ndivyo maombi yalivyozidi kuwa mazito. Sasa anakuja. Kwenye kwaya hajarudi, wala simhimizi. Anakuja, na hilo kwangu ni ushindi mkubwa.

Tusome habari za Elia katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 18 na ya 19. Kwenye mlima Karmeli moto ulishuka mbele ya umati, na hakuna krusedi ya Kitale iliyowahi kufikia hapo. Muda mfupi baadaye nabii huyohuyo yuko chini ya mti jangwani, anaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Swali la Mungu lilikuja baadaye, Elia alipokwisha kupata nguvu za kulijibu. Sisi huanza na swali, na mkate tunausahau.

Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa kitabuni mwaka 2007, wengi walishangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi sana alikuwa akiomba bila kuhisi uwepo wa Mungu. Lakini aliendelea kuamka, kuomba na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Nani atasema huyo alirudi nyuma?

Hata kwetu mambo makubwa hayakujengwa kwa msisimko. Mimi ni wa kanisa la Marafiki, wale ambao dunia huwaita Quaker. Wamishenari wetu walifika Kaimosi mwaka 1902. Agano Jipya la Kimaragoli lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1951. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 26. Kazi kama hiyo huwataka watu wakae mezani, wapime neno baada ya neno, wafute, waandike upya. Siamini kwamba kila asubuhi walikaa wakiwa na hamu.

Uamsho wa Afrika Mashariki nao, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya miaka ya 1930, ulikuwa na mikutano mikubwa. Uliodumu zaidi ni ushirika mdogo wa kila wiki, ambamo ndugu alisimama akasema wazi kwamba moyo wake umepoa, na wenzake wakamwombea pale pale. Siku hizi tunatoa ushuhuda wa ushindi tu. Anayepoa anajificha, na akijificha hakuna wa kumfikia.

Najua kuna watakaosema nawatetea walio vuguvugu, na watanisomea habari za Laodikia katika Ufunuo. Waisome mpaka mwisho. Watu wa Laodikia walijiona matajiri, wasiopungukiwa na kitu. Ndugu yangu anayekuja kanisani mikono mitupu, akikiri kwamba hana hata hamu ya kuomba, yu mbali kabisa na kiburi hicho.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wa makanisa ya Trans Nzoia na Bungoma mambo matatu. Acheni kusoma hadharani orodha za michango. Sehemu ya fedha na nguvu tunazomaliza kwa mikutano ya Desemba iwekwe kwa ajili ya kutembelea nyumba kati ya Aprili na Juni, tukibeba unga na sukari pamoja na Biblia. Na kila muumini awe na kikundi kidogo cha jirani, ambamo kusema "nimepoa" si kosa.

Nawe uliyechoka, usingoje hamu irudi ndipo uanze. Shika jambo moja dogo, tena lishike pamoja na mtu mwingine: zaburi moja kabla ya kutoka nyumbani, ushirika wa Alhamisi, kumtembelea mgonjwa mmoja. Lifanye unapojisikia na usipojisikia. Ukishindwa kuomba, mwambie ndugu akuombee ukiwepo. Hamu ikirudi, mshukuru Mungu. Isiporudi upesi, bado wewe ni wake, kwa maana aliyekuita hakukuita kwa sababu ya hamu yako.