Kitabu Kifungwe Kwanza

Katika shule na vyuo vyetu imekita mizizi imani kwamba mwanafunzi anayejifunza ni yule aliyefungua kitabu. Mwalimu wa zamu apitapo madarasani usiku hutulia moyo akiwaona vijana wameinama, kurasa zikifunuliwa, kalamu za rangi zikipita juu ya mistari hadi ukurasa mzima ukawa manjano. Mimi nashikilia kwamba kazi kubwa ya kujifunza huanza pale kitabu kinapofungwa, na kwamba mazoea ya kusoma kilekile mara nne au tano yanawapotezea vijana wengi saa zao.

Usahaulifu si kilema cha wazembe. Mnamo mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kujifunza orodha za silabi zisizo na maana. Alibaini kwamba sehemu kubwa ya tujifunzacho hutoweka katika saa za mwanzo, na kwamba kuyatawanya marudio katika siku kadhaa kwafaa kuliko kuyarundika pamoja.

La kuzingatiwa zaidi na walimu wenzangu ni jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena. Wengine wakanyang'anywa vifungu hivyo, wakaambiwa waandike yote wanayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 42, na waliojikakamua kukumbuka, asilimia 56. Katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo, waliosoma mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Hapa ndipo penye hatari. Anayerudia kusoma huliona kila neno kama sura ya jirani yake, akadhani analijua, kumbe analitambua tu.

Watu wetu hawakuhitaji maabara kulijua hili. Mtegaji wa kitendawili hamwambii mwenziwe jibu. Humwacha ahangaike, na akishindwa sharti atoe mji kwanza. Katika madrasa za pwani mwanafunzi anayehifadhi Kurani husimama mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa, akasoma kwa ghibu, na la jana hudaiwa kabla ya la leo kuongezwa.

Najua nitajibiwa kwamba huko ni kukariri kikasuku, jambo ambalo sisi wenyewe tumelipiga vita miaka na mikaka. La hasha. Neno kariri limetokana na Kiarabu na maana yake ya asili ni kurudia. Kasuku hurudia sauti aliyoisikia; mwanafunzi ninayemzungumzia hujenga upya hoja kwa maneno yake, akagundua palipo na pengo, kisha akafungua kitabu kwenda kuliziba. Hawawi sawa hawa.

Chukueni mfano wa somo langu. Wanafunzi wetu wa Kiswahili wana madaftari ya msamiati yaliyosheheni methali, tashbihi na maneno mazito yaliyonakiliwa kwa mwandiko wa kupendeza. Muulize mmoja wao, daftari likiwa limefungwa, akutungie sentensi kwa neno alilolinakili juzi, ataangalia dari. (Na hao ndio wanaotuandikia insha zenye jua linalochomoza kwa aya nzima kabla ya kisa kuanza.) Maneno matano yaliyosakwa kamusini, yakafunikwa, yakatungiwa sentensi usiku, kisha yakaulizwa tena kesho na baada ya siku tatu, yana faida kuliko hamsini yaliyonakiliwa. Asiye na dawati wala taa anaweza kufanya haya akiwa njiani kwenda kisimani au ndani ya matatu, mradi simu isimpokonye dakika hizo.

Kwa upande wa walimu, kikwazo kikubwa ni silabasi. Mwenye darasa la wanafunzi 60 na mada kumi mbele yake huona kila dakika isiyo ya kufundisha kuwa hasara. Lakini dakika tano za mwisho, vitabu vikiwa vimefungwa na kila mmoja akiandika alichokipata, hazihitaji chaki wala fedha. Karatasi hizo zisisahihishwe kwa alama. Zikishageuzwa mtihani, wanafunzi wataanza kuchungulia, nasi tutakuwa tumepata mchezo mwingine wa udanganyifu badala ya zoezi.

Katika mihadhara yangu huanza kwa kudai yaliyosemwa juma lililopita, bila mtu kufungua daftari. Zoezi hili halipendwi. Kimya huweza kuchukua dakika nzima, na wapo wanaochelewa makusudi ili waikwepe. Dakika hiyo ya kimya siiuzi kwa mhadhara wa saa moja.