Mpango wa Kata Huanzia Kijijini

Wengi wetu hudhani kwamba mipango ya kata kama Maretadu, wilayani Mbulu, hupikwa ofisini kwa diwani. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, huyapokea na kuyapima yaliyopangwa na halmashauri za vijiji, kisha huyapeleka wilayani. Je, kamati hiyo itahakiki nini iwapo mpango ulioletwa haukupata kusomwa mbele ya wanakijiji? Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuuliza: zilikusanywa shilingi ngapi, zimetumikaje, na stakabadhi ziko wapi? (Pengine michango ya darasa huwa mikubwa kuliko darasa lenyewe!) Lakini mkutano tunaukimbia, kisha tunanung'unika barazani baada ya swala. Kwa nini maswali hayo tusiyapeleke mkutanoni, tukataka majibu yake yaandikwe katika muhtasari kabla mwenyekiti hajaubeba kwenda kwenye kamati?