Mkanda Kwanza, Lawama Baadaye
Wanafunzi wenzangu, saksafoni si zumari. Zumari ya pwani ni nyepesi mikononi. Saksafoni ya alto, ambayo Adolphe Sax aliisajili uvumbuzi wake huko Paris mwaka 1846, ina kilo mbili na nusu hivi, nayo huning'inia shingoni kwa mkanda. Mkanda ukilegea mno, shingo huinama, koo hubanwa na sauti husinyaa. Ukikazwa mno, kidevu huinuka na midomo hulegea. Basi chombo kimoja kikipigwa na mrefu na mfupi, kila mmoja aupime mkanda upya: asimame wima, atazame mbele, chombo kimfuate kinywani. Hapa Mafia kupata saksafoni nyingine si rahisi, lakini kurekebisha mkanda hakuna gharama. Tusikilaumu chombo bure.