Mashoto na bunduki ya bata

 Huku Minnesota baridi ndiyo inaanza kupiga hodi. Najua nimeadimika hapa kijiweni. Zamu za usiku, boksi zito, mnajua tena mambo ya ughaibuni. Ila baada ya simu tatu za wiki iliyopita nimeona bora niandike, niwajibu wote kwa pamoja.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mdogo: "Mwanangu, nasikia umenunua bunduki, umegombana na nani?" Ya pili ya kaka mkubwa. Yeye hakuuliza ugomvi, aliuliza bei. Nikamtajia, dola 950. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hayo si mabati ya nyumba ya bibi hayo?" Ya tatu ya binamu, huyu alicheka tu. Eti kwani lazima iwe bunduki ya mashoto? Si ungejizoesha mkono wa kulia kama watu wengine?

Hilo la tatu ndilo lililonikaa moyoni. Lakini nianze na mepesi.

Mama mdogo, sijagombana na mtu. Huku kuwinda bata ni shughuli ya halali kabisa na ina sheria zake, nyingi kuliko za kuendesha gari. Kwanza unakata leseni ya jimbo, na kwa Minnesota kama umezaliwa baada ya mwaka 1979 kwa kawaida hupewi leseni hiyo mpaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Halafu unanunua stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25. Stempu hiyo ipo tangu 1934 na fedha zake hununua na kutunza mabwawa na majani wanakozaliana ndege hao. Dukani nilijaza fomu, muuzaji akaniulizia kwenye kumbukumbu za FBI. Mimi nina kadi ya kijani, kwa hiyo naruhusiwa kununua. Ninyi mtakaokuja kwa viza ya matembezi au ya masomo, tafadhali msiiguse hata kwa kupigia picha. Sheria ya wageni wa viza ni ngumu, ina vipengele vyake, na si jambo la kujaribia bahati.

Kaka, mabati yalitangulia. Unajua mwenyewe, picha ya paa ulinitumia wewe. Hiyo 950 ni ya zamu za ziada, nimeidunduliza karibu miaka miwili. Tusirudi huko.

Sasa binamu.

Tuliokulia pale nyumbani tunaikumbuka gobore ya babu. Mimi nilikatazwa kuipiga, na si kwa sababu ya utoto, maana wewe binamu tuliyelingana uliruhusiwa. Babu alisema itamla jicho mashoto. Nilidhani ni mikosi anaisema, kumbe alikuwa anazungumza ufundi. Fataki ya gobore ile ilikaa upande wa kulia. Anayeegemeza kitako bega la kulia, uso wake unakuwa upande wa pili. Mashoto akiiweka bega la kushoto, shavu na jicho vinakuwa upande ule ule wa moto.

Bunduki za kisasa zinazojikoki zenyewe ni hadithi ile ile. Ukifyatua, boliti inarudi nyuma, ganda linarushwa nje kupitia tundu lililo ubavuni kulia, risasi nyingine inaingia. Kwa watu wengi hakuna shida, tundu liko mbali na uso wao. Kwangu mimi liko mbele ya pua.

Msimu uliopita jamaa wa kazini aliniazima yake, ya mkono wa kulia. Alfajiri ile bata wakaingia vizuri kabisa, nikapiga. Ganda likakatiza mbele ya macho, moshi na chembe za baruti zikanipata jichoni, bata wa pili nikamsikia tu anaondoka. Hilo ningelivumilia, jamani, mashoto wengi wanapiga hivyo maisha yao yote na wanalenga kuliko mimi. Kilichonitisha ni kingine. Sefti ya bunduki hizo ni kitufe karibu na triga, na kuifungua unasukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mwenye mkono wa kulia ni kidole cha shahada tu, hata hafikirii. Mimi ilibidi nizungushe dole gumba, na kwenye glovu nikawa nachelewa. Basi nikajitungia ujanja: nikiona bata kwa mbali naifungua mapema. Bata wakageuza, wakaenda zao, mimi nikasahau. Jamaa yangu ndiye aliyeona kitufe kiko wazi, mbwa wake amekaa hatua mbili mbele ya mtutu. Hakunigombeza. Aliinyoosha mkono akaichukua, akatoa risasi moja moja. Siku ile sikupiga tena.

Kwa hiyo binamu, suala si kuringa.

Na la kujizoesha kulia, tatizo ni jicho. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache kitundu kidogo, tazama mlingoti wa mbali kupitia hapo. Sasa funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuuona mlingoti ndilo linalotawala. Langu ni la kushoto. Mtutu wa shotigani unaulenga kwa jicho lililo juu yake, na bata haendi taratibu akusubiri ukunje uso kutafuta jicho. Wapo mashoto ambao jicho lao ni la kulia, hao nawashauri wajifunze bega la kulia mapema, watapata bunduki rahisi na nyingi. Pima jicho kabla hujatoa hela.

Muuzaji alinionyesha njia za katikati. Kuna bunduki ambazo fundi anaweza kugeuza kitufe cha sefti. Kuna zinazokuja na vipande vya kuweka kwenye kitako ili kilalie upande wa shavu lako. Nzuri, lakini tundu la maganda haligeuki. Kuna pia Mossberg 500 ya mashoto, ya kukoki kwa mkono, sefti yake iko juu mgongoni ambako dole gumba lolote linafika. Kwa bei na kwa ugumu, mwenye mfuko mdogo aanzie pale na asione haya. Mimi nilitaka inayojikoki kwa sababu bega langu limeshachoka na maboksi, na kuvuta mkono katikati ya shabaha kunanitoa kwenye mstari.

Zinazojikoki za mashoto kamili si nyingi. Ipo Benelli Super Black Eagle 3, ipo Beretta A400 Xtreme Plus, zote za Italia, na zote mpya zinakaribia dola 2,000 au kupita. Hapo sikubaliani na jamaa wa kule ziwani wanaosema lazima chemba ya inchi tatu na nusu. Inchi tatu kwa geji 12 inatosha bata na bata bukini, teke lake linavumilika na risasi zake ni nafuu. Za Beretta zinajikoki kwa gesi ya baruti, teke linapungua ila uchafu unaingia ndani, usafishe. Za Benelli zinatumia springi na mshtuko wa bunduki yenyewe kurudi nyuma. Nyepesi, safi, lakini zinapiga teke zaidi.

Nilikaribia kununua Remington 1100 ya mashoto, kuukuu, bei ya kutupa. Nikaiacha. Nyingi za zamani zina chemba ya inchi mbili na robo tatu, na mitutu ya enzi ile ilitengenezwa kwa marisau ya risasi nyeusi. Tangu 1991 marisau ya risasi nyeusi ni marufuku Marekani nzima kwa ndege wa majini, kwa sababu bata waliyaokota chini ya maji wakidhani changarawe, wakafa kwa sumu, na tai waliowala wakafa pia. Sasa tunapiga chuma. Chuma ni kigumu, kinaweza kuharibu mtutu wa zamani uliobana mdomoni.

Mwishowe nikapata Benelli M2 ya mashoto iliyotumika, inchi tatu. Ndani nimeacha kijiti cha kuzuia magazini isibebe zaidi ya risasi mbili, maana pamoja na ya chemba sheria ni tatu tu. Hasara yake naijua: siku ya kuuza wanunuzi watakuwa wachache, na siwezi kumwazima mtu. Na maganda yangu sasa yanaruka kushoto, kwa hiyo kibandani nakaa mwisho wa kushoto nisimrushie mwenzangu usoni.

Mnakumbuka darasa la kwanza mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa. Nikajizoesha. Mpaka leo naandika kwa kulia, mwandiko kama kuku amepita kwenye tope. Kwa kalamu haikuua mtu.

Na Mama, mjukuu wako anakuja Desemba. Kula atakula kwa mkono wa kulia, adabu hiyo nimemfundisha. Penseli atashika kwa kushoto. Naomba mwacheni.