Kiswahili Kwenye Mstari wa Mwisho

Jamani, nimekuwa kimya muda mrefu. Kuna waliodhani nimeingia mitini, na kuna waliodhani nimeukata huku ughaibuni hata nimewasahau. Hakuna hata moja. Nilikuwa natafuta kazi. Na ninaposema kazi mnielewe: sisemi boksi. Boksi nililipata wiki ya tatu. Nasema kazi ya muda wote, ya fani niliyoisomea, yenye mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ya kwanza maishani mwangu, maana hata Bongo sikuwahi kuajiriwa. Nilikuwa nalipwa kwa stori, na mhariri akiitupa stori ndiyo imetoka hiyo.

Leo nataka kusema jambo ambalo limenichukua karibu mwaka mzima kulielewa, na najua kuna watakaonibishia. Wengi wetu tunaotafuta kazi ya kwanza huku tunajikosesha wenyewe, kwa kuuficha ugeni wetu kama vile ni ugonjwa.

Nianze mwanzo. Nilifika Coventry, Uingereza, Septemba 2024 kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Mwaka mmoja tu. Kichwani nilikuwa na mpango safi kabisa: nasoma, namaliza, natafuta kazi. Hakuna aliyeniambia kwamba mpango huo una kosa moja kubwa. Matangazo ya kazi za wanaohitimu kiangazi kinachofuata, hasa kwenye makampuni makubwa, hutoka tangu Septemba na mengine hufungwa kabla ya Krismasi. Yaani wakati mimi nauliza basi la kwenda chuo ni namba ngapi, wenzangu walikuwa wanatuma maombi ya kazi.

Halafu kuna sheria. Viza ya mwanafunzi wa shahada inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa sisi wa uzamili hata kiangazi si likizo, kwa sababu unaandika tasnifu, kwa hiyo saa ni zilezile 20 hadi kozi ikwishe. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima ya ghala ni pauni 244 na senti. Chumba, nauli, unga, kadi ya simu... si mnajua tena.

Lakini kilichoniuma mimi si hizo saa. Viza hiyo inakataza kujiajiri. Kwa mhasibu hilo ni jambo dogo. Kwa mwandishi wa habari ni kukatwa ulimi, maana kuuza makala moja moja ndiyo njia ambayo wengi wetu huanzia. Mwezi wa tatu mhariri mmoja wa London alipenda wazo langu kuhusu mabasi ya mwendokasi ya Dar, akaniambia angenilipa pauni 150. Nikamjibu kwamba sheria hainiruhusu. Alidhani natania. Usiku ule nilikwenda ghalani nikapakia maboksi kwa mujibu wa sheria.

Sasa tuje kwenye wasifu. Wa nyumbani ulikuwa na picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, na namba za wadhamini watatu akiwemo mchungaji. Huku vyote hivyo vinatoka, kwa sababu mwajiri hatakiwi kukuchagua kwa umri wala dini. Sawa, hilo nilifurahia. Tatizo ni kwamba nilipoanza kufuta sikujua pa kusimama. Nikafuta redio niliyofanyia kazi Morogoro kwa kuwa hakuna anayeijua. Nikafupisha jina langu ili lisiwape shida kulitamka. Miaka mitatu ya kukimbizana na habari za mahakama, mafuriko na vikao vya madiwani nikaifanya mistari miwili, ili nipate nafasi ya kueleza gazeti la darasani tulilotengeneza kwa wiki sita. Na chini kabisa, mstari wa mwisho, baada ya kujua kutumia kompyuta: Lugha: Kiingereza, Kiswahili.

Nilituma wasifu huo mara 61. Magazeti ya mikoani, redio za jamii, ofisi za mawasiliano za mashirika ya hisani, hata jarida la watunza bustani. Karibu kila fomu ilikuwa na swali lilelile: je, sasa au baadaye utahitaji udhamini wa viza? Ukijibu ndiyo, mara nyingi barua ya kukataliwa inafika kabla chai haijapoa. Na mwajiri naye ana hesabu zake. Tangu Julai 22, 2025 anayetaka kumdhamini mfanyakazi mwenye ujuzi anatakiwa kwa kawaida amlipe angalau pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa anayeanza kazi kima kinashuka hadi 33,400. Matangazo niliyoyaona mimi ya mwandishi anayeanza, mengi hayakufika hata 28,000. Huo si ubaguzi wa mhariri fulani wa mkoani. Hata angenipenda kama mwanawe, gazeti lake halina pesa hiyo.

Aliyenifungua macho hakuwa mwalimu. Pale ghalani kulikuwa na mzee mmoja wa Mombasa, tulimwita Ami, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla hajahamia huku. Usiku mmoja wakati wa mapumziko nilikuwa namlalamikia kuhusu barua za kukataliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo, akauliza: "Kwani we wauza nini ambacho wao hawana?"

Nikasema, Ami, mimi ni mwandishi, naandika Kiingereza kizuri.

"Kiingereza?" akasema. "Wamuuzia Mngereza Kiingereza?" Akacheka mpaka msimamizi akageuka.

Niliudhika, nakiri. Lakini nilipokuwa kwenye basi alfajiri nikaanza kuwafikiria wakubwa wetu wa fani hii waliofanya kazi Ulaya. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na hadi 2012 makao ya World Service yalikuwa jengo la Bush House, London. Watangazaji waliotoka Dar, Zanzibar na Nairobi kwenda pale hawakuitwa kwa sababu waliandika Kiingereza kuliko watoto wa Oxford. Waliitwa kwa Kiswahili chao. Ni hivyo hivyo kwa waliokwenda Ujerumani, Deutsche Welle ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1963, na kwa waliokwenda Sauti ya Amerika kule Washington. Wao walikuwa na bidhaa. Mimi bidhaa ileile nilikuwa nimeiweka chini ya kompyuta.

Najua mtaniambia zama hizo zimepita, na mna haki. Sehemu kubwa ya kazi ya Kiswahili ya BBC imehamia Nairobi. Sauti ya Amerika nayo, Machi 2025, wafanyakazi wake zaidi ya elfu moja walipelekwa likizo ya lazima kwa mkupuo. Anayesubiri kiti cha Bush House atasubiri sana, jengo lenyewe siku hizi lina wanafunzi. Lakini uhitaji wa mtu anayesikia Kiswahili kwa sikio la mwenyeji haujafa, umehama tu. Kuna wanaofuatilia vyombo vya habari kwa ajili ya wateja. Kuna wanaohakiki uvumi wa mitandaoni. Kuna watengeneza filamu za ukweli wenye saa mia za mahojiano ya Kigoma wasiyoyaelewa.

Basi nikauandika upya. Kiswahili juu kabisa, chini ya jina langu, na jina lenyewe nikalirudishia silabi zake zote. Redio ya Morogoro nikaipa nusu ukurasa. Nikaeleza kwamba naweza kutofautisha tangazo halisi la serikali na la kughushi kwa kusoma lugha yake tu, kwa sababu barua za halmashauri nimezisoma mpaka naziota. Wasifu huu niliutuma mara 14 tu, maana kazi za namna hiyo ni chache. Nikaitwa usaili mara nne. Kwenye ule wa kwanza nimetuma 61 na sikuitwa hata mara moja.

Rafiki yangu mmoja aliyeko London hakubaliani nami. Anasema ukijiuza kwa Kiswahili utafungiwa humo, utakuwa mtu wa Afrika wa ofisi, na hakuna atakayekupa habari ya uchaguzi wa Uingereza hata ukae miaka kumi. Sina jibu kamili kwa hilo. Huenda ni kweli. Ninachomwambia ni kwamba tunazungumzia kazi ya kwanza, na aliye nje ya mlango hana haja ya kuchagua kiti.

Wengine watasema hiyo ni ya waandishi tu. Sidhani. Mwenzangu wa nyumba, anayesoma mambo ya fedha, alisimamia mawakala wa pesa za simu Mbeya kwa miaka mitatu. Kazi hiyo benki nyingi za hapa hazijawahi kuiona kwa macho, na yeye aliiandika "huduma kwa wateja". Huduma kwa wateja! Muuguzi ni tofauti, anahitajika kama alivyo. Sisi wengine lazima tujue tunauza nini.

Basi Novemba 2025, matokeo yalipotoka, kampuni moja inayofuatilia vyombo vya habari vya Afrika Mashariki ikasema inanitaka. Pauni 29,500. Piga hesabu mwenyewe: kwa mshahara huo haiwezi kunidhamini. Ilichoweza ni kunisubiri nichukue viza ya wahitimu, ambayo haihitaji mwajiri wala kima cha mshahara. Ni miaka miwili kwa mwenye uzamili anayeomba kabla ya 2027. Kuanzia Januari 1, 2027 itakuwa miezi 18. Viza yenyewe ilikuwa pauni 880, na ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Jumla 2,950, unalipa yote siku ya kuomba. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni tisa.

Nilikuwa na 1,600. Nikampigia dada yangu mkubwa, Tabata.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile ambalo nilitamani kuliruka: kwamba baada ya miaka miwili, mshahara usipopanda hadi kima cha udhamini, narudi nyumbani. Akanyamaza. Akauliza kama kuna kazi Dar. Nikasema ipo, mhariri wangu wa zamani ameniahidi nafasi, na mshahara wake nikamtajia. Akanyamaza tena.

"Hiyo ya huko, ungeipata bila boksi?"

"Boksi halikusaidia kitu, dada. Ni Kiswahili."

"Kiswahili hiki hiki?"

Alikopa kwenye kikoba chao. Anailipa kila mwezi kwa riba, na mimi namtumia.

Nilianza Februari 2026. Zamu yangu huanza saa kumi na moja alfajiri kwa saa za hapa, ili niwahi taarifa za asubuhi za kule. Nasikiliza redio za Mwanza, Bukavu na Bujumbura nikiwa nimevaa koti la baridi ndani ya ofisi, naandika kwa Kiingereza walichosema na, pale inapobidi, walichokwepa kusema. Viza inakwisha Januari 2028. Mwezi wa sita nimeomba kukutana na meneja kuhusu zile pauni 3,900 zinazopungua.