Bweni lililotunyang'anya lugha, laweza kuturudishia?

Januari 2026, kundi la kwanza la CBE liliingia Gredi 10, na steji za mabasi zikajaa masanduku ya chuma, ndoo na magodoro. Mzazi wa Likoni alikuwa na maswali yake: karo pesa ngapi, sare zinauzwa wapi, maabara ipo au ni jina tu? Kuna swali moja ambalo halikusikika sana: huyu mtoto akirudi likizo, atakuwa anaongea lugha gani?

Si swali la mchezo. Bweni ni mashine ya lugha. Mtoe kijana wa miaka 14 kwao, mlaze, mlishe, mchezeshe mpira na umchekeshe ndani ya lugha moja kwa miezi tisa, na lugha hiyo itamkaa apende asipende. Wakenya mashine hii tunaijua. Shida yetu ni kwamba tumekuwa tukiizungusha upande mmoja tu: mtoto anaingia na Kidigo au Kiswahili cha nyumbani, anatoka na Kizungu na aibu kidogo.

Ziko nchi zinazoizungusha upande wa pili. Hebu tuanzie huko, halafu turudi ng'ambo.

Mwaka mzima bila Kizungu

Katika kijiji cha An Rinn, kaunti ya Waterford, kusini mwa Ayalandi, kuna shule ya bweni inayoitwa Coláiste na Rinne. Wazazi hupeleka hapo watoto wanaokaribia ujana wakakae mwaka mmoja wa masomo, kisha warudi shule zao za kawaida. Wengi hutoka nyumba zinazoongea Kizungu. Kwa huo mwaka, hesabu ni kwa Kiayalandi, chakula ni kwa Kiayalandi, mpira ni kwa Kiayalandi, na hata zile porojo za usiku taa zikishazimwa.

Wasioweza mwaka mzima wana njia fupi. Kila kiangazi maelfu ya vijana wa Ayalandi huenda vijiji vya Gaeltacht, yaani sehemu ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, wakakaa kama wiki tatu. Wengi hulala kwa familia za wenyeji. Asubuhi darasa, mchana michezo, jioni ngoma. Na sheria yao inajulikana: ukinaswa mara kwa mara ukipiga Kizungu, unaweza kurudishwa nyumbani.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu lugha yao ilikaribia kuzikwa. Karne ya 19, mtoto wa Ayalandi alivishwa kijiti shingoni. Kila aliposikika akiongea lugha ya mama yake, kijiti kilikatwa alama, na jioni alama zilihesabiwa akachapwa. Kijiti hicho walikiita bata scóir.

Kuna kitu umekumbuka? Naam, diski.

Kama umesoma shule za huku kwetu unaijua. Kibao, kifuniko, wakati mwingine mfupa. Ukisikika ukiongea "vernacular" unapewa, unatembea nayo mpaka umnase mwenzako, na mwenye kulala nayo ndiye mwenye kiboko cha asubuhi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza katika Decolonising the Mind mwaka 1986: mtoto aliyenaswa akiongea Kikuyu alichapwa, au akavishwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kumtukana. Ayalandi walikitupa kijiti. Sisi bendera ilibadilika 1963, diski ikabaki.

Kisauni: bweni la kwanza

Ukishuka Kengeleni unaiona ile kengele ambayo imeupa mtaa jina. Wengi tunapita tukiwahi matatu, lakini pale ndipo palipokuwa na jaribio kubwa la lugha katika historia ya Mombasa.

Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa bahari. Miaka miwili baadaye, 1875, wamishonari wa CMS walianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa watoto na vijana: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, kila mmoja na lugha yake kichwani. Wakapewa mahali pa kulala, shule, shamba na kanisa. Wakaishi pamoja mchana na usiku.

Matokeo? Vizazi vilivyofuata vilikua na Kiswahili kama lugha ya nyumbani, na Kizungu cha shule juu yake. Kiyao na Kimakua vikafifia. Sisemi wamishonari walikuwa na diski. Hawakuihitaji. Mtoto asiye na mama wa kumjibu kwa Kiyao ataongea Kiyao na nani?

Hilo ndilo somo la Kisauni. Lugha haiuawi na kiboko peke yake. Inakufa ikikosa mtu wa upande wa pili wa mazungumzo.

Changamwe: wenye jina, wasio na lahaja

Ukimwambia kijana wa leo neno Changamwe, anafikiria foleni ya malori, matangi ya mafuta na uwanja wa ndege pale jirani. Wachache wanajua kwamba Wachangamwe ni watu. Wao, Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa, Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa. Lahaja yao iko katika ukoo mmoja na Kimvita: jicho ni jito, njia ni ndia, njoo ni ndoo.

Sasa andika "jito" katika insha uone kalamu nyekundu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Yaani Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani. Halafu viwanda na bandari vikaleta watu kutoka kila pembe ya Kenya, na Kiswahili cha Changamwe kikawa kile cha kusikilizana kazini. Ni kizuri, kimetuunganisha, mimi mwenyewe naandika nacho. Lakini kijana anayesema "ndia" leo huchekwa na wenzake wanaodhani anakosea, na mwalimu hana muda wa kumtetea.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "sisi Pwani lugha hatuna shida nayo, sisi ndio wenye Kiswahili", mwambie akae kidogo.

Likoni: Gaeltacht iko hapa karibu

Likoni ndiyo inayonipa moyo, na pia inayonitia hofu.

Moyo ni huu. Kidigo, au Chidigo kama wenyewe wanavyokiita, hakijafa. Panda matatu Likoni, pita Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni hadi Lunga Lunga, uvuke mpaka uingie Tanga, na njia nzima utakisikia sokoni, shambani na kwenye matanga. Kina hata kamusi yake, Mgombato, iliyotoka 2004 na kueleza maneno ya Kidigo kwa Kizungu na Kiswahili. Kijana wa Dublin husafiri kuvuka nchi kwenda kuisikia lugha ya mababu zake. Wa Likoni anahitaji nauli ya matatu tu.

Lakini anaenda lini? Anaenda mazikoni, siku mbili, anakaa chini ya mwembe na simu, bibi anamuuliza kwa Kidigo naye anajibu kwa Kiswahili. Anasikia, hajibu. Kizazi kinachosikia bila kujibu ndicho cha mwisho. Mtoto wake hata kusikia hatasikia.

Hofu nayo ni hii. Likoni ina kumbukumbu. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika fujo zilizofuata watu wenye asili ya bara walilengwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakahama. Baada ya hapo, ukitaja vijana, kambi na Kidigo kwenye sentensi moja, kuna mzazi atakayeshtuka, na hatuwezi kumlaumu.

Jibu si kunyamaza. Jibu ni mlango kuwa wazi. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa Mtongwe, wa Kikamba aliyekulia Shika Adabu, naye ana haki ya kujifunza lugha ya mahali anapoishi. Lugha ikifundishwa kwa jirani inakuwa daraja. Ikifungiwa wenye damu peke yao, inageuka silaha. Kambi yoyote ya Kidigo isiyomkaribisha mtoto wa bara, mimi ningeipinga.

"Na Kizungu je?"

Mzazi ataniambia: kazi ya bandarini ni Kizungu, mtihani ni Kizungu, hata ya Qatar mahojiano ni Kizungu. Kweli kabisa. Ila hakuna anayesema Kizungu kitoke. Mtoto wa An Rinn harudi kwao amesahau Kizungu. Anarudi na lugha mbili.

Na kama unadhani kukaa na familia kujifunza lugha ni mambo ya Ulaya, angalia Zanzibar. Tangu miaka ya 1970, taasisi ya TAKILUKI, ambayo sasa iko ndani ya chuo kikuu cha SUZA, imewafundisha wageni Kiswahili, na wageni wa aina hiyo hulala kwa familia, wakala wali wa nazi na kukosea ngeli mbele ya mama mwenye nyumba. Kwa hiyo ujuzi upo. Mgeni tunamfundisha kwa kumkaribisha ndani, mtoto wetu tunamfundisha kwa kumtisha.

Lakini tusidanganyane kwamba bweni ni dawa ya kila kitu. Sensa ya Ayalandi ya 2022 ilipata watu karibu milioni 1.9 waliosema wanaweza kuongea Kiayalandi. Wanaokiongea kila siku nje ya shule? 71,968. Hiyo ndiyo hesabu ya ukweli. Shule inaweza kukupa lugha. Haiwezi kukupa sababu ya kuiongea Jumanne jioni ukiwa na marafiki zako. Sababu hiyo vijana hujitafutia wenyewe, kama walivyofanya Kneecap, marapa wa Belfast wanaochana kwa Kiayalandi hadi wakatengenezewa filamu mwaka 2024. Sisi Mombasa tulikuwa na Ukoo Flani wakichana Kiswahili kabla wengi wetu hatujajua kusoma, kwa hiyo hapo hatuanzi sifuri.

Siku 21 zinatosha kuanza

Mimi sipendekezi shule ya bweni ya Kidigo. Karo ya shule kama hiyo ingewafaa wenye nazo tu. Tena, baada ya wavulana 21 kufa kwa moto katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, kumwambia mzazi akupe mtoto alale mbali ni ombi zito. Serikali yenyewe imekuwa ikivutana kuhusu mabweni: Novemba 2022 Katibu Belio Kipsang alitangaza kwamba bweni kwa Gredi 1 hadi 9 lingeondolewa, mjadala ukawaka, na shule nyingi zikaendelea.

Ile njia fupi ya Ayalandi ndiyo inayotufaa. Wiki tatu za likizo. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanakaa kwa familia Tiwi au Kinondo, asubuhi wanajifunza, mchana wanavua na kulima, jioni wanacheza ngoma. Familia inalipwa kwa chakula na malazi, kwa hiyo bibi anayejua Kidigo anakuwa mwalimu mwenye mshahara badala ya mzee anayechekwa. Na waliokulia Kimvita nao wakae kwa wazee wa Mji wa Kale vivyo hivyo.

Nani alipe? Hapa ndipo siasa inaingia. Sekondari ni ya serikali ya kitaifa, lakini Katiba ya 2010 imezipa kaunti shughuli za utamaduni. Mombasa na Kwale hazihitaji ruhusa ya Nairobi kuanzisha kambi ya lugha. Kifungu cha 7 cha katiba hiyo hiyo kinaidai serikali ikuze na ilinde lugha za wenyeji. Halafu Gredi 10 ina somo la lazima la huduma kwa jamii: kijana akikusanya maneno ya Kidigo kwa bibi yake kwa wiki tatu, hiyo si huduma kwa jamii ni nini? Lugha za wenyeji zimo pia kwenye orodha ya masomo ya kuchagua ya sekondari ya juu. Ziko kwenye karatasi. Nenda shuleni kwako uulize mwalimu wa kulifundisha yuko wapi.

Na kabla kaunti haijaamka, kuna la bure. Likizo ijayo usingoje matanga. Vuka feri, au kama uko Likoni tayari, panda tu matatu, ukakae kwa bibi wiki moja. Akikuuliza kwa Kidigo, jibu kwa Kidigo, hata kama kimevunjika. Atacheka, bila shaka. Lakini kesho atakusemesha tena.