Nani Atashika Ufunguo wa Akiba za Giheke?

Askari anapopangiwa lindo kwenye nyumba yenye fedha, jambo la kwanza analofundishwa ni kumchunguza mtu ajaye kutoka nje. Hasara iliyowaumiza wananchi wengi wa Rwanda mwaka 2006 haikuletwa na mtu wa nje. Mwaka huo Benki Kuu ya nchi hiyo, BNR, ililazimika kufunga taasisi 9 za fedha ndogo ndogo. Uongozi wake ulikuwa mbovu, mikopo haikurudi, na amana za watu hazikuwapo tena ndani ya sefu. Hakuna kufuli lililovunjwa. Serikali ilibidi itoe fedha za umma ili kuwafidia wenye akiba sehemu ya haki yao.

Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu ndilo chimbuko la mpango ambao leo umeufikia kila umurenge, yaani kata, ikiwamo Giheke katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi 2006 lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Mwishoni mwa 2008 Serikali iliamua kwamba kila kata kati ya kata 416 iwe na chama chake cha akiba na mikopo, yaani SACCO. Kwa miaka ya mwanzo Serikali ilisaidia kulipa mishahara ya watumishi. Matunda yake yalionekana upesi: watu wazima waliokuwa nje kabisa ya huduma za fedha walikuwa asilimia 52 mwaka 2008, kufikia 2012 walikuwa asilimia 28. Mkulima wa chai au kahawa hakuwa na haja tena ya kufukia noti zake chini ya kitanda, wala ya kupoteza siku nzima kwenda mjini Kamembe.

Lakini kusambaza ofisi ni kazi moja, na kuzisimamia ni kazi nyingine. Vyama 416, ambavyo kwa miaka mingi viliandika hesabu zake kwa mkono, ni mzigo mzito kwa wakaguzi wa Benki Kuu. Meneja asiye mwaminifu aweza kuandika mkopo wa mtu asiyekuwapo, na ukurasa ukatulia hapo miezi mingi. Ndiyo maana vyama hivi vimepelekwa kwenye kompyuta, na ndiyo maana Serikali imekusudia kuviunganisha katika ngazi ya wilaya, viwe 30, na juu yake kuwe na benki ya ushirika.

Hoja za kuunganisha ni nzito, nasi hatuzikatai. Chama kikubwa chaweza kutoa mkopo mkubwa, chaweza kuajiri mhasibu hodari, na mkaguzi atakifikia kwa urahisi. Hata hivyo siasa ya jambo hili imo katika swali ambalo wataalamu hulipitia haraka: kura ya mwanachama wa Giheke itakwenda wapi? Leo anamjua mwenyekiti wake. Humkuta sokoni na humwuliza. Kesho mwenyekiti atakaa Kamembe, na mkulima atawakilishwa na mjumbe, labda na mjumbe wa mjumbe.

Rwanda yenyewe imekwisha kuiona njia hii. Benki za wananchi, Banque Populaire, zilianza mwaka 1975 kama ushirika wa vijijini, nazo zilienea hata zikapita 100. Mwaka 2008 ziliunganishwa kuwa kampuni moja ya kibiashara, na Rabobank ya Uholanzi ikachukua hisa. Baadaye wakaja Atlas Mara, na mwaka 2021 KCB ya Kenya ikanunua sehemu kubwa. Benki ilipata mtaji, na haikuanguka. Lakini mwanakijiji aliyekuwa mwenye chama alibaki mwenye hisa chache tu, katika kampuni ambayo maamuzi yake makubwa hayapitii tena mkutano wa kijiji.

Wenzetu wa jeshi na polisi wa Rwanda watajibu kwamba wao wanayo Zigama, ushirika wao wa akiba na mikopo ulioanza 1997. Ni mmoja kwa nchi nzima, na bado ni mali ya wanachama. Ni kweli, na ni mfano mwema. Ila tuangalie nguvu yake inatoka wapi. Mshahara wa askari huingia kila mwezi na deni hukatwa humo humo. Mkulima hana mshahara. Ana msimu, na mvua ikichelewa marejesho nayo huchelewa. Basi haitoshi kunakili umbo la Zigama na kuliweka wilayani.

Kinachohitajika ni sheria itakayotaja waziwazi kwamba hesabu za tawi la Giheke zitasomwa Giheke, mbele ya wanachama, kila mwaka. Kwamba wajumbe wa bodi ya wilaya watachaguliwa na kata zao, na kata ziweze kuwaondoa. Tena kwamba chama hakitageuzwa kampuni bila kura ya wanachama wenyewe. Mambo hayo yaandikwe kabla ya daftari la mwisho la kata kufungwa.